Siku Tisa za Mama Nyamoita

Ilwad Jibril alihesabu kwa vidole, akahesabu kwa kalenda ya ukutani, kisha akahesabu kwa simu, na mara zote tatu jibu likawa lile lile. Siku tisa. Kesi ya Mama Nyamoita ilipaswa kufikishwa mahakamani kufikia tarehe kumi na moja Juni. Leo ilikuwa tarehe ishirini.

Alisimama. Akaketi. Akasimama tena, akaenda dirishani, akatazama barabarani asione kitu. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili tu katika ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Kisii, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda ngazi kila asubuhi. Bango la mlangoni lilisema "Mawakili", na kweli walikuwa wawili: Mzee Zachariah, aliyeifungua ofisi hiyo kabla Ilwad hajazaliwa, na Ilwad mwenyewe, msichana wa miaka ishirini na saba, mwaka mmoja na miezi minne tangu aapishwe. Wa tatu alikuwa Lavender, karani.

"Wakili, umepoteza kitu?" Lavender akauliza bila kuondoa macho kwenye kompyuta. "Tangu saa tatu unazunguka tu."

"Faili ya Nyamoita. Nani alikuwa nayo?"

"Mzee. Alisema anaongea na wakili wa shule wamalizane nje ya korti. Kwani?"

Ilwad akarudi kwenye kalenda. Mfanyakazi aliyefutwa kazi hupewa na sheria miaka mitatu ya kwenda mahakamani, na ikipita imepita. Hakuna hakimu anayeweza kuongeza hata siku moja, na mazungumzo ya mawakili hayaongezi kitu. Hilo Ilwad alilijua tangu chuoni. Lilikuja kwenye mtihani, akalijibu vizuri, akapata alama zote.

Nyamoita alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni karibu na Ekerenyo kwa miaka kumi na mitatu. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, wanafunzi thelathini na mmoja walishikwa na tumbo. Hakuna aliyekufa, lakini wazazi walifurika langoni wakipiga kelele, na mkurugenzi akahitaji mtu wa kubeba lawama hiyo siku hiyo hiyo. Akamsimamisha Nyamoita mbele ya gwaride, aproni ikiwa bado kiunoni, akasema shule haiwezi kumweka jikoni mtu anayelisha watoto sumu. Hakumwuliza neno. Barua ya kumfuta kazi ilikuwa na mistari minne.

Nyamoita akaisumbua ofisi ya afya miezi minne mpaka akapewa nakala ya ripoti, yenye muhuri. Maharagwe yalikuwa safi. Sufuria zilikuwa safi. Uchafu ulikuwa kwenye tangi la maji la shule, lililokuwa limevunjika kifuniko, na ndani yake mlikutwa mzoga wa ndege. Akaileta karatasi hiyo kwa Mzee Zachariah, naye akamwambia, "Mama, hii ndiyo kesi yako. Usimwonyeshe mtu. Usiongee na mtu. Tutaitoa mbele ya hakimu." Nyamoita akatii. Alinyamaza karibu miaka mitatu.

Ilwad alipoajiriwa alikabidhiwa faili hiyo. Aliandika hati ya madai mwezi Oktoba, akaiweka juu ya meza ya Mzee, Mzee akasema waipe shule nafasi kidogo. Akaja mteja mwingine, na mwingine. Ilwad hakuiandika tarehe ya mwisho kwenye dayari yake. Hakuuliza tena.

Mzee Zachariah aliingia saa saba akitoka mahakama ya Nyamira, koti mkononi.

"Mzee, muda wa Nyamoita umepita," Ilwad akamwambia kabla hajaketi.

"Haiwezekani."

"Siku tisa."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaifungua faili. Midomo yake ikawa inacheza akihesabu. Alipofika mwisho akaanza upya.

"Tarehe hii ilipaswa kuwa kwenye dayari yako," akasema.

"Ndiyo. Na hati ya madai ilikuwa kwenye meza yako."

Wakatazamana. Mzee akachukua simu, akampigia wakili wa shule, akaanza kwa vicheko na habari za nyumbani, kisha akauliza yale mazungumzo yao yamefikia wapi. Ilwad alisikia sauti ya upande wa pili, tulivu kabisa: "Zachariah, ndugu yangu, mteja wangu anaona hakuna tena haja ya mazungumzo." Na wao walikuwa wamehesabu. Walikuwa wakihesabu muda wote huo.

Mzee akaiweka simu chini taratibu. "Tutamwambia ushahidi haukutosha."

"Ushahidi una muhuri wa serikali, Mzee."

"Ilwad, nina miaka thelathini na mmoja katika kazi hii. Sijawahi kushtakiwa na mteja hata mara moja. Nipe wiki moja nifikirie. Wiki moja tu."

Akampa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alikubali, na hakupata jibu ila kwamba yule mzee ndiye aliyemfundisha kusimama mbele ya hakimu bila woga.

Jumanne simu ikalia. Nyamoita alipiga kila Jumanne akirudi kutoka sokoni, hakuchelewa hata mara moja.

"Wakili, bwakire," Nyamoita akamwamkia kwa Ekegusii. "Kuna habari?"

Ilwad alikuwa na kalamu mkononi. Akaibonyeza, akaiachia, akaibonyeza tena. "Bado, mama. Ngoja kidogo."

"Sawa, mwanangu. Nitangoja."

Tangu hapo hakutulia mahali. Aliandika barua ya mteja mmoja akaweka jina la mwingine, Lavender akaikamata ikiwa mlangoni. Jioni akienda dukani kwa mama yake, Samsam, aliyeuza vitambaa na mapazia karibu na msikiti, alikunja vitambaa vilivyokuwa vimeshakunjwa na kupanga upya mistari iliyokuwa imepangwa.

"Acha rafu zangu," Samsam akasema hatimaye. "Una nini?"

Ilwad akamweleza, yote, pamoja na ile simu ya Jumanne. Alitumaini mama yake atamwambia kwamba kosa ni la Mzee. Samsam akaendelea kupima pazia la mtu, akakata, akaweka mkasi chini.

"Huyo mama ana watoto?"

"Wakubwa. Wako Nairobi."

"Kwa hivyo anakaa peke yake akingoja simu yako."

Samsam akamwita mteja aliyekuwa akichungulia mlangoni.

Alhamisi asubuhi Ilwad hakwenda ofisini. Alimwandikia Mzee ujumbe mmoja, "Naenda Ekerenyo kumwona mteja," akazima simu. Akafika Nyamira, akachukua pikipiki, na njia nzima ya mashamba ya chai na migomba alirudia maneno aliyotaka kusema, kwa Kiswahili, kisha kwa Ekegusii alichokulia nacho mitaani, na kwa lugha zote mbili yalikuwa mabaya.

Nyumba ya Nyamoita ilikuwa chini ya barabara, ua umefagiwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene wa mabega, mikono imelala mapajani haina kazi. Boma la pili kutoka kwake lilikuwa na msiba. Turubai zilikuwa zimefungwa, moshi ulipanda kutoka kwenye mafiga mengi, na sauti za wanawake waliokuwa wakipika zilifika mpaka pale waziwazi.

"Ni nani aliyefariki?" Ilwad akauliza baada ya salamu.

"Baba yake Ochoki. Jirani yangu miaka yote. Nilikuwa nikipika matanga yote ya kijiji hiki, unajua? Harusi, matanga, hata wageni wa askofu. Sasa napeleka mchango wangu, naketi na waombolezaji kidogo, narudi. Hawanifukuzi. Hakuna anayeniambia neno." Akanyoosha kidevu kuelekea kwenye moshi. "Lakini nikikaribia sufuria wananyamaza."

Ilwad alikuwa ameandaliwa kiti. Hakukikalia.

"Mama, nimekuja kukuambia jambo baya. Kesi yako haiwezi kwenda kortini tena. Muda wa sheria umekwisha. Ulikwisha tarehe kumi na moja. Si kosa lako hata kidogo. Ni letu. Ni la ofisi yetu, na ni langu."

Nyamoita akamtazama. "Umepita kwa siku ngapi?"

"Tisa, nilipogundua. Leo ni kumi na sita."

"Siku tisa." Alilisema taratibu, kama mtu anayepima kitu kiganjani. Kisha akauliza, "Uligundua lini?"

Ilwad alikuwa ameliogopa swali hilo njia nzima. "Alhamisi iliyopita."

"Alhamisi. Mimi nilikupigia Jumanne."

"Ndiyo."

"Ukaniambia ningoje."

"Ndiyo, mama."

Nyamoita akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Ilwad akabaki uani. Kuku walipita. Alitembea mpaka kwenye migomba, akarudi, akatembea tena. Alifikiri kuondoka, akaona hana haki ya kuondoka. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguka, na Nyamoita akasimama pale, macho mekundu, leso safi kichwani.

"Siku zile tisa naweza kukuelewa," akasema. "Watu husahau. Lakini kuniambia ningoje, wewe unajua hakuna cha kungoja! Mimi nilikuwa nikikusifu kwa watu. Nilisema nina wakili binti wa Kiislamu, hadanganyi."

Ilwad hakujitetea. Akamweleza yaliyobaki: kwamba anaweza kuishtaki ofisi yao kwa uzembe, kwamba mawakili wana bima kwa ajili ya mambo kama hayo, kwamba asikubali kuhudumiwa tena na wao bali aende kwa wakili mwingine. Akampa jina na namba ya Mogire, wakili wa Nyamira. Akatoa kwenye mkoba nakala ya faili nzima. "Hii ni yako. Kila karatasi."

"Na ile ya afya imo?"

"Imo."

"Mzee wenu aliniambia nisimwonyeshe mtu mpaka kortini. Sasa korti hakuna." Nyamoita akaichambua faili mpaka akaiona yenye muhuri. "Kwa hivyo naweza kuongea?"

Ilwad alifungua kinywa kutaja tahadhari, kwamba Mogire angependa kuiona kwanza, kwamba pengine ingekuwa busara kusubiri. Akakifunga. "Hiyo ni ripoti ya serikali, mama. Soma yaliyoandikwa, usiongeze kitu. Hakuna anayeweza kukuzuia."

"Imeandikwa Kiingereza kigumu. Twende ukanisomee."

"Wapi?"

Nyamoita alikuwa ameshaanza kutembea.

Jikoni kwa msiba palikuwa na wanawake kumi na wawili hivi, sufuria nne kubwa juu ya mafiga, na gunia la kabichi ambalo halijaguswa. Mpishi mkuu, Nyaboke, alikuwa na mwiko mrefu mkononi. Walipomwona Nyamoita wakanyamaza, kama alivyosema, na walipomwona msichana wa mjini nyuma yake, hijabu kichwani na faili kifuani, wakazidi kunyamaza.

"Huyu ni wakili," Nyamoita akasema kwa Ekegusii. "Amebeba karatasi ya watu wa afya kuhusu watoto wa ile shule. Atawasomea. Mkimaliza kusikia mniambie niende nyumbani, nitaenda."

Ilwad alikuwa amesimama mbele ya mahakimu watano tofauti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama namna ile. Moshi ulimwingia machoni. Akasoma mstari mmoja mmoja, akiufasiri kwa Ekegusii, akikwama kwenye majina ya vijidudu na kuyaruka kwa kusema "vijidudu vya kinyesi." Maharagwe, safi. Mikono ya wapishi, safi. Tangi la maji, kifuniko kimevunjika, mzoga wa ndege. Akataja tarehe, jina na cheo cha aliyetia sahihi, akawageuzia karatasi waone muhuri.

Mwanamke mmoja mzee, ambaye mjukuu wake alikuwa mmoja wa wale thelathini na mmoja, akainuka, akajifuta mikono, akatoka jikoni bila kumtazama mtu. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Sisi hatukusema ni wewe."

"Mlisema," Nyamoita akajibu. "Si hapa. Lakini mlisema."

Nyaboke akakoroga sufuria yake mara mbili, tatu. "Mbona hukutuletea karatasi hii mapema?"

"Niliambiwa ninyamaze."

Macho yote yakamgeukia Ilwad, naye akayapokea. Nyamoita hakungoja kualikwa. Akavuta kigoda, akaketi kando ya gunia, akanyoosha mkono kwa kisu kilichokuwa chini, akaanza kukata kabichi, nyembamba na haraka sana, vidole vikikumbuka vyenyewe. Msichana mmoja akamsogezea beseni. Hakuna aliyemwambia aende nyumbani.

Ilwad aliporudi ofisini siku iliyofuata, Mzee Zachariah alikuwa anamngoja amesimama. Habari ilikuwa imemfikia. Shemeji yake alikuwa kwenye matanga yale yale.

"Umempa faili. Umempa jina la wakili wa kunishtaki. Umesoma ushahidi jikoni! Unajua umeifanyia nini ofisi hii?"

"Najua, Mzee."

"Basi chukua vitu vyako. Huna kazi hapa."

Ilwad akaweka mkoba wake mezani. "Kwa kosa gani?"

"Nini?"

"Niandikie kosa langu. Kisha unipe nafasi ya kujieleza, kwa lugha ninayoielewa, nikiwa na mfanyakazi mwenzangu. Ndivyo sheria inavyosema. Ulinifundisha wewe."

Mlangoni Lavender akakohoa. "Mfanyakazi mwenzake ni mimi," akasema. "Hakuna mwingine."

Mzee akamtazama Lavender, akamtazama Ilwad. Akafungua kinywa kupayuka, na kilichotoka kikawa ni kicheko kifupi, kikavu, kisha kikakatika, akaketi kwa uzito na kufunika macho kwa kiganja. Alikaa hivyo mpaka Lavender akaenda kumletea maji.

"Mke wangu amekuwa akisafishwa damu Kisumu mara mbili kwa wiki tangu Septemba," akasema nyuma ya kiganja. "Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikiziona faili, sizioni."

"Ungeniambia, Mzee. Ningezibeba."

"Hukuibeba hii."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Mzee akanywa maji, kisha akamwambia Lavender avute kompyuta. Akatamka barua kwa kampuni ya bima, sentensi kwa sentensi, akieleza kosa na tarehe zake bila kuzungusha. Alipofika mahali pa kutaja wakili aliyehusika akasita. Ilwad akasema, "Weka majina yote mawili," na Lavender akayaandika.

Mogire alileta madai yake mwezi Agosti, na bima ikamlipa Nyamoita mwaka uliofuata, baada ya kuvutana sana. Mkurugenzi wa shule hakuomba radhi kamwe. Ilwad hakufutwa kazi, lakini yeye na Mzee hawakurudia kunywa chai meza moja; waliongea juu ya faili na hali ya mke wa Mzee, basi. Kila mtu alijua ataondoka, hata yeye, ila hakujua lini, na kutojua huko kulimkosesha utulivu kila siku.

Nyamoita hakumpigia simu tena. Walikutana mara moja tu, Keumbu, kando ya barabara, Ilwad akitoka kumwona shahidi na Nyamoita akichagua maparachichi ya kununua, madebe mawili mazima. Alikuwa anakwenda kupika harusi.

"Watu mia tatu," akasema. "Wameniita wenyewe."

"Nimefurahi, mama."

"Najua umefurahi." Akaendelea kubonyeza maparachichi, moja moja, akiyatenga. "Sijakusamehe ile Jumanne. Nimejaribu. Nikikusamehe nitakuambia, usiniulize."

"Sitauliza."

Nyamoita akalipa, akamwita mwenye pikipiki afunge madebe yake vizuri, akapanda nyuma akiikunja sketi, wakaondoka kuelekea milimani. Ilwad akatazama saa. Alikuwa na kesi saa nane, na shahidi wake alikuwa ameanza kusema hatafika.